Mzee Majuto: fundi aliyelipwa kama kibarua

Kwa takriban muongo mzima, abiria aliyepanda basi la mkoani alfajiri pale Ubungo alikuwa na hakika ya vitu vitatu: soda, biskuti, na Mzee Majuto kwenye runinga iliyofungwa juu ya kichwa cha dereva. Spika zinakoroma, injini inanguruma, mtoto analia siti ya nyuma, nusu ya maneno hayasikiki kabisa. Basi zima linacheka.

Kama maneno hayasikiki, watu walikuwa wanacheka nini?

Amri Athuman, mchekeshaji aliyejulikana kama Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950, akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. (Jina lake la kisanii limeshachoshwa na ile methali, tuiache ipumzike.) Tangu siku hiyo husimuliwa kwa njia mbili. Wa kwanza wanasema alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, akisimama tu watu wanacheka. Wa pili wanasikitika: mzee wa watu alichekesha taifa halafu akafa bila kitu cha maana. Masimulizi yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanakwepa jambo moja. Majuto alikuwa fundi. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua, na namna alivyolipwa iliingia mpaka ndani ya vichekesho vyenyewe.

Tuanze na ufundi, maana ndio unaosahaulika haraka.

Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, Majuto alikuwa na miaka 46. Mkono wake ulikuwa umeshakomaa kwingine: jukwaani. Wakati ule kichekesho hakikuwa onyesho la kujitegemea. Vikundi vikubwa vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), viliuza usiku mzima kwa kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, taarabu, igizo refu, na katikati yake kichekesho. Mchekeshaji alitumwa mbele kuushika ukumbi wakati wenzake wanabadili nguo na kupanga vyombo. Kama vyombo havijakaa sawa, anaongeza dakika tano. Vikikaa sawa mapema, anakata palepale. Msanii aliyelelewa na jukwaa la aina hiyo hujifunza vitu viwili ambavyo kamera haimfundishi mtu: kurefusha na kufupisha bila kuharibu, na kuchekesha mtu aliyekaa mstari wa mwisho asiyeona macho yako wala kusikia sauti yako vizuri. Basi la mkoani ni ukumbi wa namna hiyohiyo, ila una magurudumu.

Na Tanga nayo ina mchango wake. Huu ni mji wa bandari na mashamba ya mkonge, uliopokea vibarua kutoka pande zote za nchi na hata nje yake. Ni mji wa taarabu pia, wenye vijembe vinavyotamkwa kwa upole mpaka aliyepigwa anashukuru kwanza ndipo anashtuka. Mzee wa Kitanga anayekutukana huku anakuita “mwanangu” ni mtu halisi wa mtaani. Majuto hakuhitaji kumbuni. Alihitaji kumpandisha daraja moja tu.

Sasa tuivunje kazi yenyewe vipande. Chukua tukio la kawaida kabisa la filamu za aina hii. Kijana amekuja kwa mzee kuposa. Mchekeshaji wa kawaida atapiga kelele tangu kijana anabisha hodi, atamkimbiza kwa fimbo, watu watacheka mara moja, basi. Fundi analigawa tukio mara nne. Kwanza anapokea: anasikiliza kwa heshima zote, kama baba mwenye busara. Pili ananyamaza. Ukimya huu ndio moyo wa kazi. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, wala si zaidi ya hapo. Katika ukimya huo uso haubadiliki ila macho yanahama, kutoka kwa kijana kwenda kwenye bahasha aliyoishika, na kurudi. Tatu anageuka: anasema neno moja au mawili, tena kwa sauti ya chini, kinyume kabisa cha ile busara ya mwanzo. Nne anajitetea, na hapa ndipo anaporefusha au kufupisha, akieleza kwa nini kuichukua bahasha ni wema kwa kijana mwenyewe.

Hatua ya pili haihitaji sauti, na neno la hatua ya tatu mtu analikisia kwa kuyaona macho na ile bahasha; kwa hiyo abiria wa siti ya 52 hakupitwa na kitu.

Hatua ya nne ndiyo inayomtofautisha mhusika na kikaragosi. Wahusika wa Majuto walikuwa na dosari zilezile kila mara: uchoyo, hasira za ghafla, tamaa ya uzeeni, ubishi. Lakini mchoyo wake hakujiona mchoyo. Alijiona mtunza mali aliyezungukwa na wafujaji. Mzee anayefukuzia binti hakujiona mkware. Alijiona kijana aliyechelewa kidogo tu. Mwigizaji akianza kumcheka mhusika wake mwenyewe, hata kwa ukope, mtazamaji anajua kwamba wote wawili wanajua ni mchezo, na kicheko kinapungua nguvu. Waigaji wake wengi wameangukia hapo. Wameiga sauti, mwendo na matusi mepesi, wakaacha imani. Matokeo yake ni mtu anayepiga kelele kuanzia sekunde ya kwanza, hana pa kupandia tena, na mhariri akiona hapachekeshi anamwekea mlio wa katuni juu yake.

Kuhusu kupokea, mfano mzuri ni ushirikiano wake na Sharo Milionea, yaani Hussein Ramadhani Mkiety, Mtanga mwenzake aliyefariki kwa ajali ya gari eneo la Muheza tarehe 26 Novemba 2012. Kijana alikuja na usharobaro kamili: mwendo wa kudunda, mapozi, maneno ya mjini. Mchekeshaji mkongwe mwenye wivu angeshindana naye. Majuto alifanya kinyume: alimwachia kijana mwendo wote, yeye akawa mtazamaji anayeshangaa. Kwa lugha ya kazi, alijigeuza ukuta ili mpira wa mwenzake udunde. Sharo akawa anachekesha mara mbili, mara moja kwa pozi lake na mara ya pili kwa uso wa mzee anayelitazama pozi hilo. Anayemwona Majuto kama mtu wa kelele aziangalie tena kazi za wawili hao bila sauti.

Upande wa kamera, makosa ni yaleyale hadi leo, na inafaa kuyataja kwa sababu yanaharibu kazi ya wachekeshaji wazuri kila wiki. La kwanza ni kusogea usoni mapema. Dairekta anaona uso unachekesha, anaagiza uso ujaze fremu, na papo hapo anaipoteza bahasha, mikono na yule kijana anayetetemeka. Kichekesho cha mwitikio kinataka watu wawili katika fremu moja, kuanzia magotini kwenda juu, na kamera itulie. La pili ni kukata haraka. Baada ya neno la kugeuka, acha picha iendelee sekunde tatu au nne. Hapo ndipo mtazamaji anapocheka, na ukikata ukaingiza mazungumzo mapya unazungumza juu ya kicheko chake.

La tatu ni gumu zaidi, na linatokana na kuigiza bila skripti. Vichekesho vingi vya Bongo vilipigwa kwa kamera moja. Unapiga sini nzima kwa upana, halafu unairudia kwa ajili ya nyuso. Msanii anayetoa maneno kichwani hawezi kuyarudia vilevile. Mara ya kwanza alisema “ondoka” akiwa amekaa, mara ya pili amesema “toka nje” akiwa amesimama, kofia imehamia mkononi. Mezani kwa mhariri vipande havishikani. Ndiyo maana filamu nyingi za enzi ile zina mruko wa ajabu katikati ya maongezi, au zinabaki na picha moja ndefu iliyo mbali. Dawa ziko mbili. Ya gharama ni kamera mbili zinazopiga kwa wakati mmoja. Ya bure ni kuandika nguzo tatu tu za sini, yaani neno la kuingilia, neno la kugeuka na neno la kutokea, wasanii wakubaliane kuyasema hayo vilevile kila mara, na kila neno liwe na mahali pake pa kusimama. Kati ya nguzo na nguzo waachwe huru. Mhariri atakata kwenye nguzo. Na kama msanii amevaa kanzu, maikrofoni ya kubana ifungwe kwa plasta juu ya fulana ya ndani, waya ukiachiwa kitanzi kidogo. Ikining'inia bure chini ya kanzu, kila akigeuka itanasa mkwaruzo wa kitambaa badala ya sauti.

Kwa nini kazi hizo zilipigwa bila skripti? Jibu la haraka ni uvivu. Jibu hilo si la haki. Soko ndilo liliamua hivyo.

Enzi ya kanda za VHS, kisha VCD na DVD, prodyuza aliuza masta. Yaani alimkabidhi msambazaji kazi iliyokamilika, akapewa fedha ya mkupuo, na kuanzia hapo nakala zikiuzwa elfu moja au elfu hamsini yeye hayamhusu tena. Prodyuza akijua atapata kiasi kimoja tu, kila siku ya ziada ya kupiga picha inamla yeye. Basi anapunguza siku. Vichekesho vingi vilipigwa kwa siku za kuhesabika kwenye vidole. Kisha filamu moja ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kava mbili, mauzo mawili. Hadithi ya dakika sabini ikatakiwa kujaza diski mbili, na ndipo tukapata zile sini za mtu anatembea, gari linaingia getini, geti linafungwa, mlinzi anarudi kukaa. Katika mazingira hayo nani anatafutwa? Anatafutwa yule anayeweza kujaza dakika kumi kutokana na hali moja tu, bila karatasi, mara ya kwanza, akiwa anachekesha. Ufundi uleule wa jukwaani wa kurefusha hadi vyombo vikae sawa ukageuka mtaji wa prodyuza. Majuto alipatana na soko hilo kama kufuli na ufunguo. Kwa bahati mbaya, aliyeshika ufunguo alikuwa mwingine.

Tazama hesabu, kwa namba za mfano tu. Msanii analipwa shilingi 1,000,000 kwa filamu, na nyumba yake inahitaji 1,500,000 kwa mwezi. Lazima acheze filamu 18 kwa mwaka ili asirudi nyuma. Akicheza 18 kila mwaka, sura yake inajaa sokoni, bei yake haipandi, na wahusika wanaanza kufanana. Akiugua miezi sita, anapata sifuri, hata kama wiki hiyohiyo kazi zake za nyuma zinachezwa kwenye mabasi, kwenye vibanda umiza (kumbi ndogo za video za mtaani) na kwenye runinga. Sasa chukua msanii huyohuyo mwenye kazi 100 za nyuma, kila moja ikimwingizia shilingi 20,000 tu kwa mwezi. Hizo ni 2,000,000 akiwa amelala kitandani. Tofauti ya maisha haya mawili ni aya moja ya mkataba, na nadhani inaeleza zaidi kuliko hotuba zote za msibani kwa nini mzee wa miaka karibu 70 alikuwa bado anapanda gari alfajiri kwenda lokesheni.

Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mjadala wa mikataba yake ulifika serikalini, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ni hatua iliyostahili pongezi, ingawa ilikuwa kama kuita fundi bomba nyumba ikiwa imeshajaa maji. Mkataba unapitiwa kabla ya kusainiwa. Na mkataba wa mwigizaji si lazima uwe mrefu; karatasi mbili zinatosha zikiandikwa vizuri.

Penye kuumiza zaidi ni matumizi. Neno “haki zote” peke yake ni shimo. Andika kazi itatumika wapi: diski, runinga, intaneti, mabasi, kila njia kwa jina lake, na kisichotajwa kibaki kwa msanii. Tangazo la biashara lina hatari kuliko filamu, kwa sababu sura ya mchekeshaji ikishauza sabuni moja haiuzi sabuni nyingine. Kwa hiyo tangazo lazima liwe na muda, miezi 12 kwa mfano, na eneo, Tanzania tu au Afrika Mashariki nzima, na bei ya kuongeza muda iwe imeandikwa tangu mwanzo. Muda ukiisha bango lishuke. Kisha malipo: nusu siku ya kusaini, nusu iliyobaki kabla ya siku ya mwisho ya kupiga picha, wala si “baada ya kazi kutoka”, maana kazi ikishatoka msanii hana tena cha kushikilia. Siku na saa za kazi zihesabiwe, na siku ya ziada iwe na bei. Kodi nayo itajwe ni ya nani. Malipo ya huduma na mrabaha (malipo ya kila kazi inapotumika) yana kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla fedha haijamfikia msanii, na msanii aliyeahidiwa milioni moja “mkononi” hugombana na prodyuza kwa sababu tu hakuna aliyeandika kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato.

Mgao wa mauzo ndio wasanii wengi huuogopa wakidhani hauwezi kuhakikiwa. Enzi za kanda hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini stika za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, zilipoanza kutumika kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, kila nakala halali ilipaswa kuwa na stika yake, na stika zinahesabika. Mkataba ungeweza kusema kwa urahisi: baada ya stika kadhaa, msanii mkuu apate kiasi kadhaa kwa kila nakala. Fursa hiyo ilikuja diski zikiwa zinakaribia kufa, ikapita karibu bila kutumiwa.

Sheria ina udhaifu wake pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji chini ya hakishiriki, yaani haki za wanaoigiza au kuimba kazi, tofauti na za mtunzi, pamoja na mwimbaji. Ila kihistoria hawa wawili hawakuwa sawa. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961, uliozaa fikra nyingi za sheria za aina hii duniani, uliweka wazi katika ibara ya 19 kwamba mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwenye picha za video, ulinzi wake wa msingi ndani ya mkataba huo unakoma. Mwimbaji akabaki na lake kwenye santuri. Mwigizaji akaachwa na alichoandika kwenye karatasi. Ilibidi dunia isubiri Mkataba wa Beijing, uliopitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika Aprili 2020, ili kuziba pengo hilo kwa nchi zilizouridhia. Kwa mwigizaji wa Bongo wa mwaka 2005, karatasi ndiyo ilikuwa sheria, na mara nyingi karatasi yenyewe ilikuwa risiti ya kupokea fedha.

Leo kazi za enzi ile zimehamia YouTube. Vipande vya dakika kumi vya vichekesho vya Majuto vinapandishwa na watu tofauti, na matangazo yanapita juu yake. Familia ya msanii yeyote aliyefariki ikitaka kufuatilia, kazi haianzii YouTube. Inaanzia mahakamani, kwa kumteua msimamizi wa mirathi, kwa sababu bila barua ya usimamizi hakuna atakayezungumza nao. Inafuata orodha: jina la kazi, mwaka, prodyuza, msambazaji, nafasi aliyoigiza. Waulize wapenzi wa Majuto alicheza filamu ngapi, kila mmoja atakupa namba yake. Mahakama haitafanya kazi na namba za wapenzi. Kava za zamani za DVD zina majina ya prodyuza na msambazaji upande wa nyuma, kwa hiyo mkusanyaji wa diski mwenye kabati moja anaweza kuwa msaada kuliko wakili katika hatua hii.

Ndipo zitafutwe karatasi zenyewe. Hapa pana jambo ambalo halikukusudiwa na mtu yeyote. Mikataba ile ya haraka ya miaka ya 2000, ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na watu waliofikiria kanda na diski tu, mara nyingine ilitaja kanda na diski tu. Penye “haki zote, milele” mlango ni mwembamba sana. Lakini penye “VHS na VCD”, bila neno intaneti, mwanasheria ana pa kuanzia.